Mkaguzi Amegoma Kula

Nyumbani, ghorofa ya pili,
mlango wenye kitasa kibovu.
Ijumaa, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Leo ni Ijumaa, nimerudi shule saa tisa na nusu na sijavua hata sare. Nimeapa kwamba katika barua hii nitakueleza yote, pamoja na yale ambayo Mama angependa niyaruke na yale yanayonitia aibu mimi mwenyewe. Nikificha hata moja, basi nisistahili jibu lako, na jibu lako nalihitaji sana.

Shikamoo. U hali gani huko kambini? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Uliandika kwamba mtahamia ng'ambo ya mto mkishamaliza kupima ile sehemu ya barabara inayopita kwenye mawe. Mmeshahama? Mama ameniagiza nikuulize kama unakula vizuri, au bado unashindia chai na biskuti kwa kisingizio cha kazi.

Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, ni mzima. Anatengeneza mizani za watu mchana kutwa, na akirudi anasema ya jikoni kwetu ndiyo pekee isiyosema kweli. Mdogo wangu Kibonge ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu: miguu ya viti, viatu, kidole cha Baba. Mjomba bado analala kwenye kochi letu la sebuleni. Anasema atahama akimaliza kupaka rangi jengo la mahakama, na sote tumeanza kuamini kwamba jengo hilo linaongezeka vyumba kila wiki.

Wote wazima basi, isipokuwa mmoja.

Unakumbuka barua yangu ya mwezi wa nane. Nilikueleza kwamba paka wako, Mkaguzi, uliyetuachia mwaka jana ulipokwenda kambini, alipimwa damu akakutwa na leukemia ya paka. Niliandika kurasa mbili. Nilinukuu maneno ya daktari wa wanyama yote: kwamba ni virusi vinavyoshusha kinga ya mwili, kwamba haviponi lakini paka anaweza kuishi navyo akitunzwa, kwamba haviambukizi watu bali paka wenzake, kwa mate na kulambana, kwa hiyo asitoke nje. Barua ile uliijibu. Ulinipongeza kwa mtihani wa hesabu, ukauliza habari za meno ya Kibonge, ukasimulia nyoka aliyeingia kwenye hema la mpishi wenu. Kuhusu Mkaguzi hukuandika hata mstari mmoja. Niliisoma mara tatu nikiutafuta. Niligeuza na upande wa pili wa karatasi.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku, Shangazi, na mimi nikishaanza kushuku kitu kimoja huwa nashuku vyote. Siku hizi Mjomba ananiita Bi Upelelezi.

Sasa nianze mwanzo. Mkaguzi aliacha kula Jumatatu, tarehe 21 mwezi uliopita. Nilijua kabla sijaliona bakuli. Wewe mwenyewe ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna mfuko uliowahi kuingia nyumbani kwako bila yeye kutia kichwa ndani kuukagua, na kwetu pia aliendelea na kazi yake. Jumatatu ile Mama aliingia na mfuko wa samaki, akapita mbele yake, na Mkaguzi hakuinua hata sikio. Mama alisimama mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, akapita tena polepole kana kwamba anampa nafasi ya pili. Wapi.

Jioni ileile Baba alileta kutoka karakana mizani ndogo ya kupimia barua, ile inayosoma mpaka gramu moja. Nikaanzisha daftari. Kila asubuhi napima bakuli lenye chakula, jioni napima tena, kisha natoa. Jumanne jibu lilikuwa sifuri. Jumatano niliporudi shule lilikuwa gramu sitini! Nilimwinua Kibonge nikamzungusha hewani mpaka akacheua.

Kisha nikamtazama Mkaguzi. Alikuwa amelala palepale nilipomwacha, ndevu zake kavu. Wewe unajua paka akimaliza kula kuku hujifuta uso mzima kama mtu anayenawa. Nikaenda kwenye pipa la taka. Chini ya maganda ya viazi kulikuwa na ngozi ya kuku imefungwa ndani ya gazeti, ukurasa wa michezo, na katika nyumba hii anayesoma ukurasa wa michezo ni mmoja tu.

"Mjomba," nikasema, "umekula chakula cha mgonjwa."

"Mgonjwa alikikataa. Nilimuuliza kwanza."

"Akajibuje?"

"Akafumba macho. Kwetu sisi wapaka rangi, mwenye nyumba akifumba macho amekubali." Kisha akashusha sauti. "Ila Bi Upelelezi, kuku hana chumvi kabisa. Hata mimi nilikula kwa kumwonea huruma."

Niliandika kwenye daftari: mshukiwa wa kwanza, ana hatia ya kuku, hana hatia ya ugonjwa. Na ili nisimwonee, niseme pia kwamba siku iliyofuata alileta boksi zuri la makopo ya rangi, akalikata mlango, akaliweka mahali jua linapoingia. Mkaguzi bado analala humo.

Alhamisi tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, anayezungumza na paka kwanza na wenye paka baadaye. Alimpima: kilo tatu na gramu mia sita. Wewe ulituachia paka wa kilo nne na robo. Alimfunua mdomo akanionyesha fizi, zilikuwa zimepauka kama karatasi. Alimtia maji chini ya ngozi ya mgongo mpaka akawa na kibyongo, akanipa marhamu ya kumpaka ndani ya sikio ili kuamsha hamu ya kula, na akanifundisha kumlisha kwa bomba lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, tone kwa tone. Paka akikaa siku mbili tatu bila kitu tumboni, alisema, ini lake linaanza kuharibika, kwa hiyo nisingoje. "Lakini usimkabe," akaongeza. "Akishauchukia uso wako, tumekwisha."

Halafu aliniomba nikamngojee Mama kwenye benchi la nje pamoja na paka. Mlango wa chumba chake ni wa kioo cha ukungu. Maneno sikuyasikia, lakini niliona kivuli cha Mama kikitikisa kichwa mara mbili.

Njiani nilimuuliza, "Daktari alisema nini?"

"Alisema dawa zitolewe kwa wakati."

"Hilo alilisema mbele yangu."

"Basi alirudia."

Shangazi, naandika linalofuata kwa aibu. Kuanzia siku ile mshukiwa wangu wa pili alikuwa Mama.

Nilikuwa na sababu zangu. Mama akirudi kazini hubadilisha nguo kwanza, ndipo anaingia jikoni. Sasa alikuwa anakwenda jikoni moja kwa moja, mkoba bado begani, anafunga mlango, nasikia bomba la maji linafunguliwa. Akitoka, bakuli la Mkaguzi lilikuwa mahali pake, lakini nikilipima tupu linazidi gramu tatu au nne. Nikipitisha kidole pembeni, ni bichi. Kwa nini mtu aoshe kwa siri bakuli ambalo hakuna aliyekula ndani yake? Nililinusa mara nyingi. Halikuwa na harufu yoyote.

Kisha nikaona uzi mwekundu. Taulo analolalia Mkaguzi lilikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu kwenye pembe moja, midogo na iliyonyooka kama ya cherehani. Kesho yake niliikuta kwenye kipande cha zulia kilichoko mbele ya boksi lake. Kesho kutwa uzi huohuo umefungwa kwenye mpini wa kikapu chake cha kubebea. Mjomba hajui kutunga uzi kwenye sindano. Baba anajua, lakini angetumia waya. Nilifikiri ni alama ya vitu vitakavyotupwa pamoja naye.

Jumapili ya tarehe 27, baada ya chakula cha mchana, nilimsikia Mama chumbani anaongea kwenye simu. "Hapana, wifi. Mtoto asijue kwanza." Kisha kimya. Kisha, "Wifi? Wifi?" Mama ana wifi mmoja tu duniani. Nilikaa chini pale koridoni, mgongo ukutani, nikaandika jina lako kwenye daftari chini ya la Mama. Nisamehe. Nilisema nitaeleza yote.

Siku zile nilikuwa namlisha kwa bomba mara nne kwa siku. Mwalimu wa darasa aliniruhusu kutoka mapumziko ya saa nne, kwa kuwa shule ni karibu, nakimbia kwenda na kurudi. Mkaguzi alikuwa anameza, lakini kwa macho ya mtu anayesaini karatasi asiyoisoma. Nikimaliza namwekea bakuli mbele yake, ananyoosha shingo, anasogeza pua, anarudi nyuma kana kwamba limemzaba kofi. Lile kofi nililiandika kwenye daftari kila siku bila kuelewa.

Jumatano ya tarehe 30 Mama alisahau funguo za kabati la kazini, Baba akanituma nimpelekee nikitoka shule. Unajua Mama ni msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, lakini mimi nilikuwa sijawahi kupita zaidi ya dirisha la mapokezi. Safari hii waliniambia niingie. Ni chumba kirefu chenye mvuke, mashine nane zina madirisha ya duara kama macho ya samaki, na wanawake wanakunja mashuka wawili wawili, wanakaribiana na kuachana bila kutazamana, huku wanasengenya. Mama alikuwa amekwenda stoo. Nikamngoja karibu na mama mmoja anayepiga pasi.

Mbele yake kulikuwa na lundo la mashuka. Kwenye pembe ya kila shuka, mishono mitatu ya uzi mwekundu.

Nadhani rangi ilinitoka, maana aliniuliza kama mvuke umenizidi. Nikamuuliza uzi ule ni wa nini.

"Huo? Huo ni wodi ya kutengwa, mwanangu. Ukiona uzi mwekundu huchanganyi na vingine. Vinalowekwa peke yake kwenye klorini, asubuhi na jioni. Mama yako ndiye aliyeuanzisha. Kabla yake tulikuwa tunabahatisha tu." Kisha akacheka. "Ukiolewa nyumba yenye mgonjwa wa mafua, mama yako atamshonea bwana harusi uzi kwenye kola!"

Mama alipotoka stoo alinikuta nimeshika pembe ya shuka. Alikaa juu ya furushi la nguo chafu, jambo ambalo mwenyewe huwakataza wenzake.

"Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka kumi na mmoja," alisema. "Huwezi kuniambia kitu kina virusi halafu nikakiosha kwa sabuni ya vyombo."

"Daktari alisema haviambukizi watu."

"Nilimsikia. Masikio yalimsikia. Mikono haikumsikia." Aliitazama mikono yake. "Kibonge anatambaa, anatia kila kitu mdomoni. Na sikutaka unione namnyanyapaa paka wa watu. Ndiyo maana nilikuwa naloweka nikiwa nimefunga mlango."

Shangazi, lile bakuli ni la plastiki. Lilikuwa linalowekwa kwenye klorini ya hospitali mara mbili kwa siku, linasuuzwa, na harufu inabaki ndani ya plastiki. Taulo vilevile, zulia vilevile, kikapu vilevile. Na mimi nililinusa bakuli lile mara ngapi nisisikie kitu? Hakuna mtu nyumbani kwetu anayeweza kuisikia harufu ile. Mama amerudi nayo kila siku tangu kabla sijazaliwa. Kwangu mimi hiyo si harufu ya dawa. Ni harufu ya Mama akiingia mlangoni.

Tulirudi pamoja. Bakuli tulilitupa, tukachukua kisahani cha udongo kilichokuwa chini ya chungu cha maua, tukakiosha kwa maji ya moto matupu. Mama alishika mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Nikapasha moto samaki kidogo, nikamweka kisahanini mbele ya boksi. Mkaguzi alinusa kisahani ukingo mzima, kuanzia mwanzo mpaka akarudi mwanzo. Kisha akala.

Alikula gramu kumi na mbili! Mjomba alisimama juu ya kochi akatangaza kwamba mahakama imemwachia huru Mama kwa kukosa nia mbaya. Alhamisi alikula gramu thelathini, Ijumaa thelathini na tano. Jumamosi Baba alipoingia na mfuko, Mkaguzi alitoka kwenye boksi, akatembea polepole, akatia kichwa ndani. Ulikuwa na misumari tu. Alikagua misumari.

Natamani ningeishia hapo.

Jumapili aliacha tena. Kisahani ni kilekile, maji ni yaleyale, Mama haendi jikoni mpaka nimuite. Nilimshuku kila mtu upya, hata Kibonge, nikakosa. Siku ileile tulikupigia simu mara tano tukijua Jumapili ndiyo siku unayopanda kilimani kutafuta mtandao. Hukupatikana.

Jana tulirudi kwa daktari. Kilo tatu na gramu mia tatu. Alisema harufu ndiyo iliyomfukuza kwenye bakuli mara ya kwanza, na tulifanya vizuri kuigundua, lakini safari hii ni ugonjwa wenyewe. Damu imepungua, ingawa bado si ya kukata tamaa. Amebadilisha dawa. Nikamwambia kama kuna jambo la kumwambia Mama, aniambie na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayemlisha. Daktari alimtazama Mama, Mama akaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti, akakaa, tukawa sawasawa kwa urefu.

Amesema bomba linamshikilia tu, halimfufui. Paka anatakiwa atake mwenyewe. Tumrudishe Alhamisi ijayo, tarehe 15. Kama mpaka siku hiyo hajala kwa hiari yake hata mara moja, tutazungumza kuhusu sindano ya kumlaza asiamke, ili asiteseke. Akila kidogo tu mwenyewe, tunaendelea.

Njiani Mama aliniambia ya ile simu. Daktari alikuwa amemtajia sindano tangu mara ya kwanza, ndiyo maana alikupigia, kwa kuwa wewe ndiye mwenye paka. Anasema ulijibu, "Fanyeni mnavyoona ni sawa," na laini ikakatika. Nilimwambia Mama kwamba huyo hakuwa wewe. Akasema, "Alikuwa yeye. Nadhani alikuwa analia."

Sasa nafika kwenye jambo la mwisho, na hili Mama hajaliona bado.

Jana jioni nilitaka kuondoa harufu ya klorini kwenye kikapu, nikang'oa ile karatasi ngumu iliyofunika kitako chake. Chini yake kulikuwa na kadi ya kliniki nyingine, siyo ya daktari wetu. Ina jina lako. Imeandikwa: paka dume, kipimo cha damu, ana leukemia ya paka. Tarehe yake ni miezi minane kabla hujaondoka.

Kwa hiyo ulijua. Ulipomleta ukaketi sebuleni kwetu, ukanywa chai, ukasema, "Hana matata huyu, ni mlafi tu," ulikuwa unajua. Nilikasirika, Shangazi, nikupe ukweli. Nilifikiri umetupatia paka mgonjwa kama mtu anavyogawa shati, akalikunja vizuri ili tundu lisionekane. Nilifikiri umekwenda mbali ili akifa asifie mikononi mwako. Ndiyo maana ya ule ukimya wa mwezi wa nane, nikajiambia. Niliandika barua ya kwanza jana, ina maneno makali. Nimeichana.

Niliichana kwa sababu ya mistari miwili iliyo chini ya kadi, ambayo sikuisoma mara ya kwanza kwa hasira. Mwandiko ni wa daktari, mbaya, lakini nimeusoma. Mstari wa kwanza: "Hajala siku sita. Mwenye paka amekataa alazwe kliniki, anasema atakaa naye nyumbani." Chini yake, siku tisa baadaye: "Anakula. Mwenye paka anasema alipata njia yake."

Mtu anayetaka kumtupa paka hakai naye siku zote hizo. Labda ulinyamaza kwa kuwa ulijua Mama, na uzi wake mwekundu, asingempokea. Labda ulitumaini kwamba kwetu ataendelea tu kuwa mlafi, na hakutakuwa na haja ya mtu kujua. Sijui. Kwenye daftari nimepiga mstari juu ya jina lako, lakini kwa penseli.

Nakuombea uzima. Baba anakusalimu, anasema mizani yako ya chumbani aliyoahidi kuitengeneza iko tayari tangu mwaka juzi. Mama anakusalimu sana. Hajakukasirikia, na nikimwonyesha kadi nitamwonyesha na ile mistari miwili kwanza. Mjomba anakusalimu, na anaomba ujue kwamba hali tena chakula cha mgonjwa. Kibonge anakusalimu kwa meno yote mawili. Nisalimie mpishi wenu, na yule mwenzako anayeshika kamba upande wa pili mkipima. Mungu akulinde na vumbi, na nyoka, na upweke wa huko.

Lori la vyakula vyenu linaondoka kesho asubuhi, na dereva ameniahidi kukupa barua hii mkononi. Jumapili ukipanda kilimani, piga simu, nitakaa na simu ya Mama siku nzima. Usipopata mtandao, lori linarudi Jumatano, siku moja kabla ya kwenda kwa daktari. Andika hata nyuma ya bahasha hii.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata ninapokushuku,

Bi Upelelezi

N.B. Mwalimu wetu wa lugha anasema swali linalosubiriwa jibu liwekwe mahali ambapo jicho la msomaji litatua mwisho. Sitakuuliza kwa nini hukutuambia. Hilo utanieleza siku ukirudi, au usinieleze. Mkaguzi yuko hapa miguuni pangu, amelaza kidevu juu ya kiatu changu, na asubuhi hii alinusa kisahani muda mrefu kabla ya kugeuka. Nauliza moja tu: siku zile tisa, njia yako ilikuwa ipi?